Mboga za friza ndani ya kikaangio cha hewa: miezi minane katika jiko la Kampala

Kikaangio cha hewa ninachokizungumzia hapa kina ujazo wa lita 4.5 na nguvu ya wati 1,500. Kina vitufe viwili tu vya kuzungusha, kimoja cha joto na kingine cha dakika, na nilikinunua kwa shilingi 320,000 katika duka la vyombo vya umeme katikati ya Kampala. Chapa yake siitaji, kwa kuwa umbo hilohilo linauzwa kwa majina manne au matano katika maduka yanayopakana, na haya nitakayoyaeleza yanahusu umbo kuliko jina lililobandikwa mbele. Wauzaji hukinadi kwa chipsi na mabawa ya kuku. Mimi nilikichukua kwa ajili ya mboga zilizogandishwa, na kwa miezi minane kimefanya kazi hiyo mara tatu au nne kwa wiki, jambo lililonipa nafasi ya kukifahamu vizuri, pamoja na hila zake.

Swali ambalo mtu wa Kampala angeliuliza kwanza wifi yangu kutoka Tororo aliliuliza kabla hata hajavua viatu: mtu anayekaa karibu na soko la Nakawa anatafuta nini kwenye mboga za barafu? Ni swali la haki. Dodo, nakati, sukuma, kabichi na nyanya chungu sijawahi kuzinunua zikiwa zimegandishwa, wala sioni sababu ya kufanya hivyo. Lakini mimi hufika nyumbani saa mbili usiku, mara nyingine saa tatu ikiwa barabara ya Jinja imeziba, na saa hiyo sina nguvu ya kukaa juu ya kigoda nikimenya njegere au nikikagua brokoli kichwa kimoja kimoja kutafuta viwavi. Mfuko wa gramu 400 uliomo ndani ya friza umekwisha kuoshwa, kukatwa na kupimwa. Kinachobaki ni kuupika usiwe uji, na hapo ndipo penye kazi.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa aibu. Kitabu cha maelekezo kiliandika kwa mstari mmoja tu kwamba mboga hupikwa kwa nyuzi 180 kwa dakika kumi hadi kumi na tano, bila kusema kama ni mboga mbichi au za friza, nami nikamimina kikapuni mfuko mzima wa brokoli na nusu ya mfuko mwingine, nikanyunyizia mafuta juu ya barafu, nikatia chumvi, nikafunga. Baada ya dakika kumi na tano nilivuta droo na mvuke ukanipiga usoni. Vipande vya juu vilikuwa na ncha zilizoungua, vya katikati vilikuwa laini kama vimechemshwa na kusahauliwa, na chini ya kikapu palikuwa na maji ya kijani yenye matone ya mafuta yaliyoelea juu yake. Chumvi yote ilikuwa humo ndani ya maji. Wanangu walikula wali kwa maharage, brokoli ikabaki sahanini.

Kosa lilikuwa langu kwa sehemu kubwa, lakini jina la chombo nalo lilichangia, kwa sababu neno kikaangio linamfanya mtu afikirie mafuta yanayochemka. Chombo hiki hakikaangi kitu. Ni oveni ndogo yenye koili juu na feni kali inayosukuma hewa ya moto izunguke chakula kutoka kila upande, na ndivyo kilivyokuwa tangu kampuni ya Philips ilipokitambulisha kwa umma mjini Berlin mwaka 2010. Ukikichukulia kama oveni, utaelewa mara moja kwamba adui yake ni maji. Brokoli ni maji kwa takriban asilimia 90 ya uzito wake, na inapogandishwa maji hayo hugeuka fuwele za barafu zinazotoboa kuta za chembe zake, kiasi kwamba ikiyeyuka maji hayana tena cha kuyazuia ndani. Kipande kibichi hushikilia maji yake. Kipande cha friza huyamwaga.

Maji hayo lazima yageuke mvuke kabla ya mboga kuanza kubadilika rangi na kutoa ile harufu tamu ya kuchomwa, kwa sababu rangi ya kahawia huanza kujitokeza vizuri uso wa chakula unapokaribia nyuzi 140, ilhali uso uliolowa hauwezi kupanda zaidi ya kiwango cha kuchemka kwa maji. Kiwango hicho hapa Kampala, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,200, ni nyuzi 96 hivi badala ya 100 za pwani. Kuyeyusha barafu si kazi kubwa. Kinachokula umeme ni kuyageuza maji kuwa mvuke, maana kunahitaji karibu mara saba ya joto linaloyeyusha barafu ya uzito huohuo. Nilipiga hesabu: gramu 100 za maji peke yake zinameza dakika mbili na nusu za nguvu yote ya mashine ya wati 1,500, hata ukichukulia kwamba hakuna joto hata chembe linalopotea ukutani. Sasa fikiria mfuko na nusu uliorundikwa. Feni haina pa kupita, mvuke hauna pa kutokea, na chombo ulichokinunua kwa ajili ya kukausha kinageuka kuwa sufuria yenye mfuniko.

Njia ninayoitumia sasa nimeifikia baada ya kuharibu mifuko mingi. Nakiwasha kikaangio kikiwa kitupu kwa nyuzi 200 kwa dakika tatu. Namimina mboga moja kwa moja kutoka friza bila kuziyeyusha, kwa sababu zikiyeyuka mezani hulala zikagandamana, na naweka kiasi kinachotandaza kikapu kwa safu moja, au moja na nusu nikiwa na haraka. Kwa kikapu changu hiyo ni gramu 300 mpaka 350. Mafuta sitii mwanzoni. Dakika tano za kwanza ni za kuyeyusha na kufukuza maji, na mafuta yakiwekwa juu ya barafu huteleza yakaenda chini pamoja nayo. Baada ya dakika hizo navuta droo, namwaga maji yaliyojikusanya chini, natikisa kikapu, na hapo ndipo natia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti na kuzigeuza mboga kwa mwiko wa mbao mpaka kila kipande kipate mng'ao. Zinarudi ndani kwa dakika saba au nane nyingine, na natikisa mara moja katikati. Chumvi na pilipili manga huja mwisho kabisa, mboga zikiwa bakulini.

Wifi yangu alisimama kando akitazama zoezi lote hilo, mikono kiunoni. «Wifi, chombo hiki kinapiga kelele kama jenereta ya harusi,» aliniambia, na hakukosea, kwa kuwa feni yake inashindana na televisheni. Lakini nilipovuta droo mara ya mwisho aliinama. Vichwa vya brokoli vilikuwa vimekauka, ncha zake ndogondogo zimekuwa za kahawia na zinakatika kwa sauti ukizigusa, huku shina likiwa bado kijani na limeiva. Alichukua kipande kimoja kwa vidole, akapuliza, akala, kisha akachukua cha pili bila kusema neno. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Si kila mboga inayokubali, na hapa kitabu cha maelekezo hakimsaidii mtu. Brokoli na koliflawa ndizo bora, kwa kuwa zina nyuso nyingi ndogo za kushika joto; koliflawa inahitaji dakika mbili au tatu zaidi na hupendeza ikigeuzwa na bizari kidogo. Mishiri (yale maharage machanga ya kijani yanayoliwa na maganda yake) hutoka imekunjamana kama vidole vilivyokaa majini, lakini utamu wake unaongezeka, na watoto huila kama chipsi. Karoti zilizokatwa vipande vinene ni nzuri. Zile za vipande vidogo vya mraba hukauka. Njegere zinanikatisha tamaa: dakika moja ziko sawa, dakika inayofuata zimekuwa changarawe. Mchanganyiko ule wa njegere, karoti, mahindi na mishiri, ambao ndio mfuko unaopatikana kwa urahisi kuliko yote katika supamaketi zetu, ndio usiofaa kabisa kwa kikaangio hiki, kwa sababu kila kimoja kinaiva kwa wakati wake, na mahindi yanaungua wakati karoti ingali na baridi ndani. Mfuko huo naupika kwenye sufuria pamoja na wali, kama watu wote.

Spinachi iliyogandishwa kama tofali usijaribu. Wala usitie majani makavu au mepesi ya aina yoyote, kwa kuwa feni huyanyanyua na kuyabandika kwenye koili. Mimi nilitupia majani machache ya sukuma siku moja kwa udadisi, na jikoni kukanuka moshi mpaka asubuhi.

Bamia ndiyo iliyonishangaza. Nyumbani kwetu bamia ilikuwa ya mlenda, na wapo wasioiweza kwa sababu ya ute wake. Bamia ya friza iliyokatwa vipande, ikikaa dakika kumi na nne katika nyuzi 200, hupoteza karibu ute wote, kwa kuwa ute huo unahitaji maji ili ukolee na hewa ya moto inayanyang'anya maji hayo mapema. Hutoka ngumu kidogo nje, laini ndani, na ikinyunyiziwa ndimu huliwa na posho (ugali) na mchuzi wa karanga bila kuhitaji kitu kingine. Kama ningelazimika kukitetea kikaangio hiki kwa chakula kimoja tu, ningeleta sahani ya bamia.

Ubora wa kinachotoka kikapuni, hata hivyo, unaanza kwenye mfuko, na mifuko ya hapa mjini ina historia ambayo haikuandikwa juu yake. Mboga za friza zinapaswa kukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bila kukatika tangu kiwandani. Umeme ukikatika saa kadhaa na friza ya duka ikafunguliwafunguliwa, mboga hulegea, kisha zikigandishwa upya hushikamana. Kwa hiyo kabla ya kulipa mimi huuminya mfuko: vipande vikitembea kimoja kimoja ndani kama kokoto, nauchukua, ukiwa jabali moja, au ukiwa na barafu nyeupe nyingi kama theluji kwenye pembe, naurudisha. Nimewahi kununua mfuko wa jabali kwa kuwa ndio pekee uliobaki, nikaupiga kwenye ukingo wa sinki mpaka ukapasuka, na koliflawa iliyotoka humo haikukauka hata nilipoongeza dakika kumi, ilikuwa sponji. Hakuna mashine ya kurekebisha hilo.

Nimewaona pia watu wakila njegere au mahindi ya friza yakiwa yameyeyuka tu, ndani ya saladi, wakiamini kwamba yamekwisha kupikwa. Kiwandani mboga hizi huchovywa katika maji yanayochemka kwa muda mfupi ili kuvizuia vimeng'enya visiharibu rangi na ladha, na huko si kupika. Kati ya mwaka 2015 na 2018 mahindi ya friza yalihusishwa na mlipuko wa bakteria wa Listeria katika nchi tano za Ulaya. Watu 47 waliugua na tisa wakafariki. Baridi haiwaui bakteria hao, inawalaza tu. Kwa upande huu kikaangio kinanipa utulivu, kwa kuwa mboga iliyofikia rangi ya kahawia nje na kutoa mvuke ndani imepita kwenye moto wa kutosha.

Tangu mwezi wa nne wa kukitumia nimepunguza kununua mifuko na nimeanza kugandisha mwenyewe, na ninaona hiki ndicho kinachokipa kikaangio thamani yake katika nchi kama yetu, ambako mboga bora ziko sokoni na friza ni ya kuhifadhi tu. Jumamosi nanunua mishiri, koliflawa na bamia, naosha, nakata mishiri na koliflawa vipande vinavyolingana, nachovya katika maji yanayochemka (dakika tatu kwa mishiri na koliflawa, tatu hadi nne kwa bamia nzima), kisha natumbukiza kwenye beseni la maji ya barafu kwa muda uleule. Mtu aliye Kabale, au popote palipopita mita 1,500, aongeze dakika moja, kwa kuwa maji ya huko huchemka yakiwa na joto pungufu. Hatua ambayo watu huiruka ni kukausha: natandaza mboga juu ya taulo safi mpaka zisiache alama ya unyevu, ndipo nazigandisha kwenye sinia kwa safu moja na kuzitia mfukoni zikiwa zimekuwa ngumu. Mboga niliyoikausha hivyo inaiva kikaangioni dakika tatu mapema kuliko ya dukani, na maji yanayobaki chini ya kikapu hayajazi kijiko.

Kuhusu umeme, hofu ni kubwa kuliko gharama yenyewe. Nilisoma mita ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, kabla na baada ya mapishi ya dakika kumi na nane, pamoja na zile tatu za kupasha moto, na tofauti ilikuwa yuniti 0.4. Hata ukihesabu shilingi 800 kwa yuniti, hiyo ni shilingi 320. Bei za majumbani zina ngazi zake, ambapo yuniti 15 za kwanza za mwezi ni nafuu sana, zinazofuata ni za bei ya kawaida, na zile kutoka ya 81 hadi ya 150 hutozwa bei ya kupikia iliyo chini ya hiyo ya kawaida, kwa hiyo nyumba inayopikia umeme kila siku italipa pungufu ya hapo kwa sehemu ya matumizi yake. Kuwasha sigiri kwa ajili ya bakuli moja la mboga hakunitoki kwa bei hiyo, kwa jinsi makaa yalivyopanda. Lakini kwa maharage makavu, matoke ya familia na chochote cha mchuzi, sigiri na gesi vinabaki pale pale. Kikaangio hiki hulisha watu watatu, wanne wakivumiliana.

Onyo moja ni la lazima. Wati 1,500 kwenye umeme wetu wa volti 240 ni zaidi ya ampea sita mfululizo, na waya wa kuongezea wa bei ya chini hauzimudu. Wangu ulianza kunuka siku ya tatu, nikakuta plagi imelainika na kuacha alama ya kahawia ukutani. Sasa kikaangio kina soketi yake, hakigawani na birika wala pasi, na nakiachia nafasi ya kiganja kimoja nyuma yake ili hewa ya moto itoke.

Udhaifu wake mkubwa ni utando wa nonistiki ndani ya kikapu. Katika mwezi wa tano wa matumizi ulianza kubabuka kwenye pembe, na sehemu ya lawama ni yetu, kwa sababu nilikuwa nikitumia mafuta ya kopo la kupuliza, ambayo huacha gundi isiyotoka, na binti anayenisaidia nyumbani akaisugua gundi hiyo kwa waya wa sufuria. Hata hivyo, utando wa chombo cha shilingi 320,000 ungepaswa kustahimili zaidi ya hapo. Kitufe cha dakika nacho kimelegea, na kinamaliza dakika kumi na tano katika kumi na tatu, kwa hiyo nafuata saa ya simu.

Nilirudi dukani kuulizia kikapu cha akiba, mara mbili. Mara ya kwanza kijana wa kaunta aliniambia, «Mama, njoo wiki ijayo.» Mara ya pili alinionyesha kikaangio kipya cha lita 6 na kunieleza kwamba vikapu haviuzwi peke yake. Kwa sasa natandika karatasi ya kuokea niliyoitoboa matundu kwa uma kwenye ile pembe iliyobabuka, na bamia zinachelewa dakika mbili upande huo.